Subaru BRZ jipya limeshuka Malindi: injini niizoeshe taratibu au niikanyage tangu siku ya kwanza?

#1 MpwaWaAmi (Malindi)
Assalamu alaykum. Nina swali, na funguo ziko mfukoni, basi msinicheleweshe.

Ami yangu anafanya kazi Doha. Ameagiza Subaru BRZ jipya kutoka Japani, gia za mkono. Limeshuka bandarini Mombasa likiwa na kilomita 38, jana nimelileta nyumbani, sasa lina 162. Kila nikiliwasha lanisemesha Kijapani, sauti ya mwanamke mwenye adabu zake, sijui anataka nini. Ami yuaja Desemba na agizo lake ni moja: alikute limeshazoea, kilomita 1,600 zimetimia, aanze kulikimbiza siku hiyo hiyo.

Kitabu chake nacho ni cha Kijapani, kwa hivyo nimesoma kile cha Kiingereza mtandaoni. Kinasema katika kilomita 1,600 za mwanzo injini isipite mizunguko 4,000 kwa dakika, usiondoke kwa kishindo, usifunge breki kwa nguvu ila iwe dharura, wala usishike mwendo mmoja kwa muda mrefu, uwe wa kasi au wa polepole. Sawa. Lakini jioni nimepita kwa fundi mmoja Barani. Hata boneti hakufungua. Akalizunguka mara moja, akanambia: "Ukilidekeza sasa litakuwa zembe mpaka life. Likanyage leo leo."

Nimsikilize nani?

#2 TukTuk_Maweni
Picha kwanza. Bila picha hakuna gari.

#3 KobeMjanja (Kilifi)
Kama limetoka Doha usukani uko kushoto, na Kenya gari la usukani wa kushoto haliandikishwi. Huyo ami wako amekula hasara kabla hata ya hiyo injini.

#4 MpwaWaAmi
@KobeMjanja soma tena. Ami ndiye yuko Doha, gari limetoka Japani. Usukani uko kulia kama wa babako.

@TukTuk picha nitaweka nikishaliosha.

#5 KobeMjanja
Haya, nimekosa. Nilisoma nikiwa kwa foleni ya Mtwapa.

#6 MzeePijo504 (Gede)
Wanangu, jambo hili si geni. Marehemu baba alikuwa na Peugeot 504, pikapu, akibeba maembe kutoka hapa Gede hadi soko la Kongowea. Injini ilipochoka ikafunguliwa yote, ikatiwa pistoni na ringi mpya. Fundi akampa masharti kama ya mganga: kilomita 1,000 usipite 60, usipakie, usiburure gia ya juu. Nyuma tukafunga boksi la sabuni tulilolikata, tumeandika kwa makaa INJINI MPYA, NIPITE. Tulipitwa na kila kitu. Nakumbuka tulipitwa na baiskeli yenye mkungu wa ndizi.

Kilomita 1,000 zilipotimia, fundi akamwaga oili ndani ya karai, akaligeuza karai juani. Mle ndani vumbi la chuma lameta kama magamba ya dagaa. Akasema, haya yote yangebaki yakizunguka mle yangekula kila kitu. Injini ile baba aliiuza ingali nzima. Kwa hivyo kijana, nenda taratibu, na oili ya kwanza uimwage mapema.

#7 KanyagaTwende (Mtwapa)
Mzee shikamoo. Nakuheshimu, ila hiyo hadithi ni ya pikapu ya maembe, hili ni gari la mbio.

Sikilizeni sababu, si masharti. Ringi ya pistoni, ule mkanda wa chuma unaoizunguka pistoni, haikazwi ukutani mwa silinda kwa ukakamavu wake tu. Kinachoikaza hasa ni ule moto wa ndani: petroli ikiwaka, hewa ya moto hupenya nyuma ya ringi ikaisukuma nje dhidi ya ukuta wa silinda. Ukikanyaga, msukumo ni mkubwa na ringi inajisaga ikakaa sawasawa. Ukibembeleza, msukumo ni mdogo na ringi inateleza tu. Na ukuta mpya una makali kama msasa, ila makali hayo hayangoji kilomita 1,600. Yanaisha mapema sana. Yakiisha kabla ringi haijakaa, oili inabaki ukutani inaungua, ukuta unang'aa kama kigae, na hapo gari litakula oili mpaka ulifungue tena.

Mimi nimefanya hivi kwa pikipiki mbili na gari moja: unapasha moto vizuri, gia ya tatu, unakanyaga hadi nusu, kisha unaachia kabisa injini yenyewe ivute gari lipungue. Tena. Tena. Kila mara unaongeza kidogo. Siku moja, kilomita 30, kazi imeisha. Zote hazili oili hata tone.

#8 TukTuk_Maweni
Kanyaga akipita Mtwapa hata kuku wanajua.

#9 BintiWaSpana (Mombasa)
Kanyaga, nusu ya maneno yako ni kweli na nusu ni ya 1975.

#10 KanyagaTwende
Kaka, hebu nieleze ipi ni ipi basi.

#11 BintiWaSpana
Mimi si kaka. Jina limeandikwa hapo juu.

Kweli: moto ndio unaoisukuma ringi. Hilo halina ubishi. Kweli pia kwamba ukuta mkavu unaong'aa hufanya injini ile oili. Nimefungua injini za namna hiyo kwa mikono yangu.

Sasa ya 1975. Ukiangalia silinda iliyopigwa msasa vizuri utaona mistari imekingamana, ya kulia na ya kushoto, kama ukili wa mkeka. Mabonde ya mistari hiyo hushika oili. Vilele vyake ndivyo vinavyosagana na ringi. Zamani vilele vilikuwa vikali, vikatwe na ringi yenyewe barabarani, na ndiyo maana karai la Mzee wa Gede lilikuwa na magamba. Siku hizi kiwandani silinda hupigwa mara mbili: kwanza ule msasa mkali wa kuchora mabonde, kisha msasa laini wa kukata vilele. Kazi ambayo baba yake Mzee aliifanya kwa kilomita 1,000 akipitwa na ndizi, kiwanda kimeimaliza kabla gari halijatoka mlangoni.

Mbona basi kitabu bado kinasema 1,600? Maoni yangu, si injini peke yake. Kuna meno ya giaboksi, kuna difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, kuna klachi, kuna breki ambazo hazijakamatana na diski zake, kuna matairi mapya yanayoteleza kwa ule utomvu wa kiwandani. Na kuna dereva ambaye hajalijua gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. @MpwaWaAmi, samahani.

#12 MpwaWaAmi
Samahani imepokelewa nusu.

#13 KanyagaTwende
Dada, samahani kwa hilo la kaka. Lakini umejibu mwenyewe: kama kiwanda kimeshamaliza, kukanyaga kunadhuru nini?

#14 BintiWaSpana
Na kama kimeshamaliza, kubembeleza nako kunadhuru nini?

#15 TukTuk_Maweni
😂😂😂 Kanyaga amefungwa breki bila dharura.

#16 NahodhaWaMkanda (Amu)
Salama jamani. Hapa Amu gari letu ni punda, lakini mashine za boti tunazijua, na habari hii ni moya.

Mwaka juzi tulinunua mashine ya nguvu za farasi 40, hizi za kuchanganya oili na petroli. Kitabu chake chasema saa 10 za mwanzo changanya lita 1 ya oili kwa lita 25 za petroli, kisha ndipo ushuke uende lita 1 kwa 50. Kijana wetu akaona ni israfu. Akatia nusu lita kwa 25 tangu siku ya kwanza. Si hilo tu. Alipotoka Mokowe akafungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, tupu, hatuna mzigo, boti yaruka juu ya mai kama panzi, yeye amesimama nyuma na miwani.

Tulipokaribia Manda Toto sauti ikabadilika. Ikapanda, ikawa nyembamba kama mbu aliyeko sikioni. Ikasita mara moya, ikasita mara ya pili, kisha kak, kimya. Ukivuta kamba haivutiki. Tukakokotwa na mashua ya watu wa Faza, nao wakatucheka ndia nzima. Pistoni ilipotolewa ilikuwa na michirizo mirefu ubavuni, kama imeparwa na paka.

Hadi leo baraza yetu haijaafikiana. Mimi nasema ni oili. Shemeji yangu asema ni kule kufungua mkono mashine ingali ngeni. Na mzee mmoya asema hayo yote uongo, petroli ile ilikuwa na mai. Kijana mwenyewe asema ni jicho.

Za oili ya ndani, zisizochanganywa, nazo zina saa 10 zake: saa ya kwanza usipite mizunguko 2,000, ya pili 3,000, nane zilizobaki wenda utakavyo ila mkono usiwe mwisho zaidi ya dakika 5 kwa mpigo. Naona wenye kiwanda walishika katikati yenu: si kudekeza, si kuua.

#17 MzeePijo504
Nahodha, hiyo ya 'tupu' ndiyo niliyokuwa naitafuta. Baba pia aliambiwa asipakie.

#18 NahodhaWaMkanda
La mzee, mimi nasema kinyume. Oili ndiyo iliyoiua, na tupu nako kulisaidia! Boti tupu mkono mwisho, mashine yazunguka kwa fujo. Ingekuwa na mzigo wa kiasi ingekaa chini, ikavuta kwa utulivu.

#19 KanyagaTwende
Ndiyo! Mzigo! Mzigo ndio msukumo wa ringi. Asante Nahodha.

#20 BintiWaSpana
Nahodha hajasema ulichosema wewe. Mzigo kidogo kwa mizunguko ya kati ni kitu kimoja. Kuburura gia ya sita kwenye mlima mshale wa mizunguko uko 1,500 ni mzigo pia, na huo hautakiwi hata kwa gari kongwe.

#21 Juma_wa_Pili (Watamu)
Ulizeni wa tuktuk. Hawa ndio hununua injini mpya kila uchao.

#22 TukTuk_Maweni
Nimeitwa, nimekuja. Yangu niliitoa dukani asubuhi, muuzaji akanisomea kitabu kizima, usipakie hivi, usikimbize hivi. Mchana nikapakia watu wa harusi kwenda Mayungu, na sufuria ya biriani kwa miguu yao. Jioni nikawarudisha. Sasa mwaka wa nne na haijafunguliwa.

#23 BintiWaSpana
Moshi?

#24 TukTuk_Maweni
Moshi hapana. Kidogo tu. Asubuhi.

#25 TukTuk_Maweni
Na jioni.

#26 Fundi_Chumani (Malindi)
Mnazungumza resi mnasahau oili. Kijana, toa hiyo oili nyepesi iliyokuja nayo, tia 20W-50. Joto la Malindi si la Japani. Oili kama maji hapa haiwezi kukaa.

#27 BintiWaSpana
Fundi, kwa heshima, hapana. Injini ile imetengenezewa 0W-20. Hiyo namba ya mbele ni ya oili ikiwa baridi, ya nyuma ndiyo ya injini ikishapata moto, na injini ikishapata moto joto lake linasimamiwa na rejeta na thamostati, iwe Malindi au Japani. Nafasi kati ya vyuma vyake ni nyembamba. Ukitia oili nzito, asubuhi itachelewa kufika juu, na asubuhi ndipo chuma kinapolika.

#28 Fundi_Chumani
Miaka ishirini natia 20W-50 na wateja wanarudi.

#29 KobeMjanja
Wanarudi kwa sababu gani hujasema.

#30 Mgeni_Toka_Bara (Nakuru)
Hii gari mpya ni ile ile ya Toyota 86 ama? Na hiyo power iko aje chini ya 4,000? Si itakuwa pole kama matatu ya shule?

#31 ChaiYaRangi (Malindi)
*Gari hili jipya.* Umeingia Pwani, vua viatu.

#32 Mgeni_Toka_Bara
Gari hili jipya. Pole. Sasa nijibiwe.

#33 BintiWaSpana
Ndiyo, ni pacha wa Toyota GR86. Yote mawili yanaundwa na Subaru kiwanda kimoja huko Ota, mkoa wa Gunma. Injini ya silinda nne zilizolala, sentimita za ujazo 2,387. Nguvu yake kamili iko juu, mizunguko 7,000, na hapo ndipo MpwaWaAmi haruhusiwi kufika. Ila mvuto wake mkubwa kabisa, Nm 250, uko mizunguko 3,700. Kwa hivyo ndani ya 4,000 anao mvuto wote. Anachokosa ni kelele.

#34 ChaiYaRangi
Nami nina mchango mdogo. Nafanya kazi kwa mzee wa Kitaliano hapa Casuarina, ana Alfa Romeo ya zamani ambayo ameitia injini upya mara mbili. Wiki nzima ya kwanza hakuniruhusu hata kuisogeza uani. Neno lake ni moja, *piano, piano*, lakini si la mwendo! Ni la kupasha moto. Anasema mshale wa maji ukifika katikati watu hudhani injini imepata moto, kumbe oili bado baridi, oili huchelewa nyuma ya maji. Yeye huenda kilomita nzima kumi kama anapeleka mayai. Baada ya hapo anaikanyaga mpaka majirani wanatoka nje. Na jambo la pili analolipenda ni mteremko: gia ya tatu, mguu juu, injini ijishike yenyewe. Ati hapo juu ya pistoni panakuwa na mvuto wa kunyonya, unaipandisha oili kidogo ikaoshe ringi.

#35 KanyagaTwende
Mzee wa Kitaliano ni wangu huyo.

#36 MzeePijo504
Wiki nzima hakuisogeza. Ni wangu huyo.

#37 Juma_wa_Pili
Mteremko Malindi utautoa wapi? Mteremko wetu mkubwa ni wa kushukia ufuoni.

#38 KobeMjanja
Aende Mavueni, akamate barabara ya Kaloleni. Kona, vilima, lami. Kule hata ukitaka kushika mwendo mmoja huwezi.

#39 MpwaWaAmi
Asanteni nyote, kichwa kimejaa. Nimepiga hesabu: kwenda na kurudi Mombasa ni kama kilomita 240, kwa hivyo nahitaji safari sita hivi kutimiza 1,600. Tatizo ni huo mwendo mmoja. Gia ya sita kwa kilomita 100 mshale haufiki hata 3,000 na unakaa hapo hapo kama umepigwa msumari. Gia ya nne kwa 80 uko 3,400 hivi. Nafikiri nichezee hapo, ya nne na ya tano, juu chini.

#40 Juma_wa_Pili
Hutahitaji kuchezea. Matuta ya kuanzia Gede mpaka Tezo yatakuchezea mwenyewe. Gari lenyewe limelala chini kama mkeka, utakuwa unapanda tuta moja kwa dakika.

#41 Mgeni_Toka_Bara
Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 na Subaru Impreza. Mnadhani alizoesha injini kilomita 1,600?

#42 BintiWaSpana
Injini ya rali hufunguliwa na kuundwa upya kila mara, na huzoeshwa juu ya mashine ya kupimia nguvu kabla ya kutiwa garini. Nayo haikutakiwa kuishi miaka kumi na mitano ikiegeshwa uani kwa mtu chini ya mwembe.

#43 Juma_wa_Pili
Ngojeni niwaulize kitu. Kuna mmoja wenu aliyewahi kununua magari mawili yaliyo sawa sawa, moja akalidekeza, jingine akalikanyaga, yote akayaendesha njia moja kilomita 100,000, kisha akayafungua? Hakuna. Kila mmoja ana gari moja na hadithi moja. Mzee alibembeleza, gari likadumu, asema ni kubembeleza. Kanyaga alikanyaga, pikipiki ikadumu, asema ni kukanyaga. Huenda yangedumu tu.

#44 KanyagaTwende
Na ya Nahodha?

#45 Juma_wa_Pili
Ya Nahodha ni jicho, keshasema kijana.

#46 NahodhaWaMkanda
😂 Afadhali wewe umeelewa.

Lakini niseme moya kuhusu punda, kwani hapa ndipo palipo ilimu yetu. Punda mpya humpakizi mawe ya jengo siku ya kwanza. Wamtia shogi tupu, wampitisha vichochoroni azoee watu. Kisha mchanga nusu. Kisha mchanga kamili. Lakini humfungi tu zizini ale ukoko mwezi mzima, kwani huyo akitoka atakupiga teke. Huu wa injini mimi nauona ni huo huo.

#47 ChaiYaRangi
Kitabu cha punda kina mizunguko mingapi?

#48 NahodhaWaMkanda
Akifikisha 4,000 utamuona Shela.

#49 MpwaWaAmi
Jamani nimerudi. Taarifa, na toba.

Leo nilitoka saa 12 asubuhi. Nilifuata la mzee wa Kitaliano, kilomita kumi za mwanzo kama nabeba mayai, mpaka kioo cha dashibodi kikanionyesha oili imepita nyuzi 80. Vizuri sana mpaka Matsangoni. Nimeshuka tuta, nimeingiza ya tatu, niko kama 60, mbuzi katoka kichakani. Si mmoja. Watatu, na wa tatu akasimama katikati akaniangalia machoni. Nikafunga breki kwa miguu yote miwili. Gari likasimama, harufu ya breki mpya ikaingia ndani, ile ya karatasi iliyoungua. Mbuzi akaondoka kwa wakati wake. Kilomita 231.

Ya pili. Karibu na Vipingo kuna lori la mchanga linanitemea kokoto, na kioo ni cha ami. Nikalipita. Nilipoangalia mshale ulikuwa 4,600. Nimeharibu?

#50 Juma_wa_Pili
Swali la kifiqhi: mbuzi ni dharura?

#51 MzeePijo504
Mbuzi mmoja si dharura. Watatu ni dharura. Na angemgonga angelipa kwa bei ya fahali, maana mbuzi akigongwa barabarani huwa ndiye aliyekuwa na mimba.

#52 BintiWaSpana
Hujaharibu kitu. Sekunde tatu za 4,600 injini ikiwa na moto haziachi alama. Na breki umezipasha, basi sasa zipe siku mbili tatu za kufunga kwa upole kutoka mwendo wa kati, usisimame juu yake zikiwa za moto.

#53 KanyagaTwende
Ulisikia lilivyovuta pale 4,600?

#54 MpwaWaAmi
Nilisikia.

#55 KanyagaTwende
Basi mimi sina la kuongeza.

#56 Fundi_Chumani
Oili umebadilisha?

#57 MpwaWaAmi
Bado fundi. Hapa ndipo bado nimekwama. Mzee asema mwaga mapema. Dada asema?

#58 BintiWaSpana
Hapa sitampinga Mzee sana. Wengine hubadilisha kwa 1,000 na hawadhuriki, wanapoteza pesa ya oili tu. BMW kwa yale magari yao ya M huita gari lirudi kwa kilomita 2,000, oili ya injini na ya difu zinamwagwa. Honda nao husema oili iliyotoka nayo kiwandani iache mpaka wakati wake. Viwanda vyenyewe havikubaliani, sembuse sisi. Lakini ukimwaga tia 0W-20. Fundi, nakuona.

#59 Fundi_Chumani
Nimenyamaza.

#60 MpwaWaAmi
Wiki mbili baadaye. Kilomita 900 na kitu. Nimekwenda Kaloleni mara mbili, Mombasa mara moja, na Garsen nusu njia nikarudi kwa upepo. Leo asubuhi kabla ya kuliwasha nilitoa kile kijiti cha kupimia oili, nikakifuta kwa kitambaa cheupe, nikakirudisha, nikakitoa tena. Iko pale pale ilipokuwa siku ya kwanza, chini ya alama ya juu kwa unene wa ukucha. Rangi imegeuka kidogo, kama chai ya rangi iliyokaa. Moshi sioni hata nikisimama nyuma na mwenge wa simu.

Sasa shida mpya. Ami kanitumia sauti ya dakika sita. Rafiki yake wa huko ana Porsche, kamwambia kuzoesha ni kilomita 3,000, si 1,600. Ami ataka 3,000.

#61 BintiWaSpana
Rafiki yake hajakosea, Porsche ndivyo wanavyosema, 3,000. Lakini hicho ni kitabu cha Porsche. Yeye ana Subaru.

#62 TukTuk_Maweni
Ami haogopi injini. Ami anataka dereva wa kutumwa Mombasa mpaka Desemba.

#63 MzeePijo504
Kijana, kubali haraka kabla hajabadili nia. Baba angenipa 3,000 za ile 504 ningeoa mapema.

#64 NahodhaWaMkanda
MpwaWaAmi, Alkhamisi naya Malindi na basi la asubuhi, nashuka stendi kama saa 7. Utanichukua? Wataka mzigo wa kiasi: mimi ni kilo 108, na nina ndoo ya nguru.

#65 MpwaWaAmi
Wewe karibu. Ndoo ya samaki ndani ya gari la Ami?

#66 NahodhaWaMkanda
Kitabu hakikutaja samaki.

#67 MpwaWaAmi
Labda cha Kijapani kimetaja.

#68 TukTuk_Maweni
Ndoo nitaibeba mimi nyuma yenu. Mia mbili. Ila msipite 60.